Gia ya Meno Kumi na Manne

Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, Mama Mshale alikuwa amekaa nyuma ya meza yake ya kazi, akimalizia chai iliyopoa na kusugua kioo cha mita ya trekta kwa kitambaa, wakati daktari wa meno alipoingiza gari lake kuukuu uani. Aliliingiza kinyumenyume, kwa kuwa uani mle hamkuwa na nafasi ya kugeuza. Alipozima injini, mishale yote arobaini na mmoja ya mita za mwendo zilizokuwa kwenye rafu ikapanda hadi tisini na kusimama hapo.

Mita zile za rafuni zilikuwa mbovu. Nyingine hazikuwa na sumaku, nyingine hazikuwa na springi, tatu hazikuwa hata na kioo. Zilitoka kwenye magari yaliyokufa zamani, na Mama Mshale alizitunza kwa ajili ya vipuri. Alizitazama moja baada ya nyingine, akaweka kikombe chini, akaandika kwenye kadi ya kazi tarehe nne ya mwezi, rangi ya gari na neno "tisini", kisha akatoka kumpokea mteja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Mzee gani huyu umeniletea?"

"Nimelipata kwenye ghala la kiwanda cha magodoro," daktari alisema, akilipapasa gari paa. "Limelala humo miaka ishirini na miwili. Injini imeamka, breki zimeamka, taa zimeamka. Spidomita tu ndiyo imekataa. Mshale umeganda tisini."

Mama Mshale hakuhitaji kuambiwa. Lilikuwa gari la milango minne, rangi ya krimu, na kwenye kona yake ya mbele kushoto bati lilikuwa limegongwa likanyooka na kupakwa rangi upya, ila mtu aliyelijua aliweza bado kuona mahali lilipobonyea. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kazi ya mita aliirithi kwa marehemu mumewe, na tangu hapo hapakuwa na mtu mwingine mjini aliyeweza kufungua spidomita bila kuiua.

"Nalijua," alisema, maana kukana kungekuwa kazi kubwa zaidi.

Wakati huohuo shemeji yake alikuwa akipita barabarani na mkokoteni wenye milango sita ya mninga. Alipita hapo kila siku kwenda sokoni, na kila siku alisimama kidogo dirishani akasema, "Hujambo, shemeji," na Mama Mshale akajibu, "Sijambo, shemeji," na maisha yakaendelea. Alikuwa mdogo wake mumewe, mtu mwembamba wa miaka hamsini na minane, asiye na maneno mengi. Siku hiyo hakusalimu. Aliegesha mkokoteni, akaweka jiwe chini ya gurudumu, akaingia uani na kulitia gari mkono kwenye boneti, jinsi mtu anavyompima mtoto homa.

"Limezeeka vizuri kuliko mimi," alisema.

"Unalijua na wewe?" daktari akauliza.

"Nililiendesha miaka tisa. Gia ya pili inataka upole. Ukiilazimisha inanuna."

Daktari alifurahi sana. Goti lake lilikuwa bovu na klachi ya gari lile ilikuwa nzito, na alikusudia kulikodisha kwa maharusi na wageni, kwa hiyo alitaka dereva, tena dereva anayelijua. Aliuliza kama ana leseni. Shemeji akasema alikuwa nayo.

"Basi irudishe," daktari alisema. "Mwisho wa mwezi lazima niwe na mtu. Ukiwa na leseni kazi ni yako. Usipokuwa nayo, yupo mwingine aliyeniomba, sitaweza kumkataa."

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameomba leseni mara kumi na moja tangu atoke gerezani, na mara zote kumi na moja alijibiwa kwa barua ileile. Mtu aliyeua kwa ajali, sheria ilisema, anaweza kurudishiwa leseni baada ya miaka kumi. Aliyeua kwa mwendo kasi uliothibitishwa, ng'o. Na yeye mwendo wake ulithibitishwa. Lakini kazi ya usukani, na usukani wenyewe ule, haingemjia tena mtu wa umri wake, kwa hiyo jioni ile alikwenda kuchukua fomu ya kumi na mbili, na njiani akanunua shati jeupe.

Alasiri Mama Mshale alilala chali chini ya gari, juu ya kipande cha boksi, na kuanza kazi. Kwanza alifungua waya wa mita upande wa nyuma ya dashibodi, kisha upande wa giaboksi, akauvuta wote kutoka kwenye ala yake. Ulikuwa umekatika katikati. Ncha zilikuwa zimechanua, grisi imekauka ikawa masizi. Huo haukuwa ugonjwa mkubwa. Waya mpya alikuwa nao, alihitaji tu kuukata kwa kipimo, kuufanya ncha ya mraba kwa koleo, kuupaka grisi na kuuning'iniza kati ya mikono miwili, ukiwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na kuuzungusha taratibu kwa vidole, kuona kama unaruka. Waya unaoruka huufanya mshale utetemeke. Huu haukuruka.

Kisha alifungua nati moja ubavuni mwa giaboksi na kuitoa gia ndogo inayouzungusha waya. Ilikuwa ya plastiki nyeupe, fupi kama kidole gumba. Hakuyahesabu meno yake. Yalikuwa kumi na manne, na kwenye shina lake palikuwa na alama mbili za tupa, alizozikata yeye mwenyewe ili ipate kuingia mahali ambapo haikutengenezewa kuingia.

Gari lile lilitaka gia nyekundu ya meno ishirini na moja. Miaka ishirini na mitatu nyuma gia nyekundu ilipovunjika, hapakuwa na nyingine, na kiwanda cha magodoro kilitaka gari lake siku ileile. Mama Mshale, ambaye siku zile alikuwa akifanya kazi pamoja na mumewe mgonjwa, alichukua nyeupe ya gari la aina nyingine, akaipunguza kwa tupa, akaifunga. Mafundi wote hufanya hivyo na huiita kazi ya muda. Lakini gia yenye meno machache huzunguka upesi zaidi, kama mtu mfupi anayefuatana na mtu mrefu, na mita ikawa inazidisha. Gari likienda arobaini, mshale ulisema sitini. Likienda sitini, ulisema tisini.

"Shemeji, ondoa theluthi," alimwambia dereva siku ile, akifuta mikono. "Kila utakachokiona, ondoa theluthi. Nimeagiza nyekundu, ikija nakubadilishia."

Shemeji aliondoa theluthi miezi minane bila kosa. Kisha mumewe Mama Mshale akafariki, na miezi mitano baadaye, kwenye barabara ya kiwandani, mwuza maziwa alitokeza na baiskeli yake nyuma ya lori lililoegeshwa. Mwisho wa mwendo barabara ile ulikuwa sitini, na shemeji alikuwa akienda sitini. Kwa mwendo huo hakuna dereva ambaye angeweza kusimama kwa wakati, na kwa mwendo huo sheria isingekuwa na la kumwambia isipokuwa pole. Lakini waya ulikatika kwa kishindo, na mshale ukaganda tisini, na askari waliochungulia dirishani waliandika tisini.

Mahakamani alihitajika mtaalamu wa mita, na mtaalamu alikuwa mmoja. Mwendesha mashtaka alijua kuwa ni shemejiye mshtakiwa. Jambo hilo lilimfaa, kwa sababu ndugu anayemsema ndugu huaminiwa upesi. Karakana ilikuwa imeandikwa kwa jina la Mama Mshale wiki iliyotangulia, na mkaguzi aliyeiandika alikuwa amemwonya kwamba fundi anayefunga kipuri kisicho cha gari husika atafungiwa mlango. Nyumbani palikuwa na watoto watatu. Aliulizwa swali moja.

"Mita hii ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima," alijibu.

Alidhani itakuwa faini. Watu wengi husema hivyo baadaye, lakini yeye alidhani kweli. Hakimu alimkumbusha mshtakiwa kwamba haraka haraka haina baraka, watu wakacheka kidogo, kisha akampa miaka sita na kumnyang'anya leseni.

Mama Mshale aliiweka gia nyeupe juu ya meza, kwenye kitambaa safi. Siku iliyofuata akaanza kuitafuta nyekundu.

Aliitafuta kwa bidii ambayo daktari wa meno aliisifu mbele ya wagonjwa wake. Alikwenda kwenye uwanja wa vyuma chakavu nje ya mji, akapanda juu ya lundo la magiaboksi na spana mbili mfukoni, akashuka na gia tisa: za meno kumi na sita, kumi na tisa, mbili za ishirini, nyingine zimesagika hata hazihesabiki. Alikwenda kwenye gereji ya mabasi iliyofungwa, akampata mlinzi aliyekuwa akitumia gia za spidomita kama kete za mchezo wa bao dogo alilochora sakafuni, akamwomba azione. Aliandika barua nne kwa wauza vipuri wa mbali. Alimwendea mjane wa fundi mmoja akapekua madroo yake siku nzima, akapata bawaba, vifungo, na meno ya bandia ya marehemu. Alitafuta kila mahali alipojua kwamba haipo.

Mishale nayo haikukaa kimya. Jumatano magari yote yaliyoegeshwa mtaani yalisimama tisini. Alhamisi ikawa mtaa wa soko na stendi. Hadi Jumamosi hapakuwa na chombo cha moto mjini ambacho mshale wake ulirudi sifuri. Uliteremka hadi tisini ukapumzika hapo, na gari likiondoka ulihesabu kuanzia hapo kwenda juu. Mita ndogo, zenye mwisho wa mia na ishirini, ziligonga mwisho huo gari likiwa bado halijatoka mtaani. Wenye magari walilalamika siku mbili. Siku ya tatu wakazoea. Mpeleka barua alisema pikipiki yake haijawahi kuonekana na nguvu kiasi hicho. Trafiki wa makutano, ambaye aliandika makosa kwa kuchungulia mita za watu, aliandika makosa mpaka daftari likamwishia, akaomba jingine. Watu kadhaa walimletea Mama Mshale magari yao. Alizifungua mita, akazikuta nzima, akazifunga.

"Haina ugonjwa," aliwaambia. "Inakumbuka tu."

Waliridhika, wakaenda zao.

Kila adhuhuri shemeji alisimamisha mkokoteni na kuuliza, "Imepatikana?" Mama Mshale alisema bado. Shemeji hakuuliza inatafutwa wapi. Alichota maji bombani akaliosha gari, akasafisha mazulia, akasugua nikeli za taa kwa majivu na ndimu hadi zikang'aa. Fomu ya kumi na mbili alikuwa ameipeleka, na barua ilikuwa bado haijaja, ingawa wote wawili walijua itasema nini. Alhamisi ya wiki ya tatu alikuja bila mkokoteni, amevaa shati lake jeupe lililopigwa pasi, na kuomba akae kidogo kwenye kiti cha dereva. Mama Mshale alimfungulia mlango. Shemeji alishika usukani, akakanyaga klachi, akapitisha gia zote nne, ya pili kwa upole, na kutazama mbele kwenye ukuta wa ua.

"Shemeji," alisema, "usijisumbue sana. Naona unavyochoka. Kama haipo, haipo."

Mama Mshale alirudi ndani akasimama nyuma ya pazia, na huko akajiona mtu mbaya. Hakujiona mwoga wala mnyonge, maneno aliyokuwa akijipa miaka yote ile. Alijiona mbaya. Kisha akavuta kochi, akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya ubao wa ukuta na kutoa kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na bahasha ya kahawia yenye mihuri ya posta. Ndani ya bahasha, katika karatasi ya nta, mlikuwa na gia mbili nyekundu za meno ishirini na moja. Zilikuwa zimefika siku kumi na tisa baada ya hukumu.

Aliifunga moja mchana uleule. Aliitia grisi, akaisukuma mahali pake, nayo ikaingia bila kusukumwa mara ya pili. Alibadilisha sili ya mafuta, akakaza nati, akaunganisha waya mpya juu na chini. Shemeji alikuwa bado amekaa kwenye usukani, akimsikia akikwaruza na kugongagonga chini yake. Nati ya mwisho ilipokazwa, mshale uliteremka kutoka tisini, polepole, na kusimama sitini.

Kule rafuni mishale arobaini na mmoja iliteremka pia. Mtaani, sokoni, stendi, mpaka kwenye gari la zimamoto ambalo halikuwa limewashwa tangu mwaka juzi, mishale yote ya mji ilisimama sitini, wala haikushuka tena chini ya hapo.

Mama Mshale alitoka chini ya gari na kujifuta mikono.

"Kesho uvae shati hilohilo," alisema. "Twende wote ofisini."

"Kufanya nini?"

"Kusema."

Shemeji alizima swichi ambayo haikuwa imewashwa. Hakuuliza kusema nini.

Ofisi ya leseni ilikuwa chumba kirefu chenye kaunta ya mbao na viti vilivyofungwa minyororo ili visitembee. Karani mkuu alikuwa mtu mpole, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni za rangi tatu. Aliwasikiliza bila kuwakatiza. Mama Mshale aliweka kauntani gia mbili, nyeupe na nyekundu, akaeleza meno ya hii na ya ile, akaonyesha alama za tupa, akasema ni yeye aliyezikata, na kwamba mita haikuwa nzima, na kwamba alijua haikuwa nzima, na kwamba alisimama mbele ya hakimu akasema ni nzima. Alisema kwa sauti ambayo watu wa kwenye viti waliisikia. Shemeji alikuwa amesimama kando yake, kofia mkononi, akiitazama kaunta.

Karani alikwenda nyuma akarudi na faili. Alilipuliza vumbi kwa adabu, uso ameugeuzia ukutani.

"Mama, nimekuelewa," alisema. "Tatizo ni hili. Faili linasema mtaalamu aliithibitisha mita. Ili tumpinge mtaalamu, anatakiwa mtaalamu mwingine."

"Mtaalamu ni mimi. Mwingine hayupo."

"Ndiyo. Nawe umenieleza sasa hivi kwamba uliwahi kusema uongo mahakamani. Nitaandikaje kwamba mtaalamu huyu anaaminika?"

Mama Mshale alifikiri. "Basi andika kwamba nilisema uongo. Mnifunge."

"Kosa la ushahidi wa uongo hufa baada ya miaka kumi na mitano," karani alisema, na kweli alionekana kumwonea huruma. "Kisheria wewe ni safi."

"Na yeye?"

"Yeye alihukumiwa. Hukumu haifi."

Mtu mmoja kwenye viti alikohoa. Shemeji aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Na mishale je?" aliuliza. "Mji mzima inasema sitini."

Karani alichungulia dirishani, ilipoegeshwa pikipiki yake. Mshale ulionekana hata kwa mbali.

"Hata yangu inasema sitini, mzee wangu. Siwezi kukubishia," alisema. "Lakini mishale haiapi."

Alifungua kalamu nyekundu, akaandika jibu la fomu ya kumi na mbili, akalipiga muhuri na kumkabidhi kwa mikono miwili. Alimrudishia Mama Mshale gia nyeupe, akamwambia ile nyekundu airudishe garini, kwani gari bila gia ni kosa. Mama Mshale akamwambia hiyo ni nyingine, alikuwa ameagiza mbili. Karani akasema vizuri.

Nje kulikuwa na benchi la saruji chini ya kibaraza. Walikaa hapo kwa sababu Mama Mshale hakuweza kuendelea kutembea. Magari yalipita.

"Ulikuwa unajua," Mama Mshale alisema.

"Niliendesha miezi yote ile nikiondoa theluthi. Ningekosaje kujua?"

"Mbona basi hukusema? Ungesema siku ileile."

Shemeji aliikunja barua mara mbili, kisha mara ya tatu. "Ningesema, wangekufungia karakana. Watoto wa kaka wangekula nini? Nikaona neno lile ni lako, uliseme mwenyewe. Ulikuwa umesimama pale na mkoba wa marehemu umeukumbatia. Nikasema moyoni, sasa atasema. Ukajibu, ukashuka. Nikasema, pengine kesho. Nikakungoja."

"Miaka yote hii?"

"Nilikuwa napita kila siku, shemeji. Ulidhani njia ya kwenda sokoni ni ile peke yake?"

Mama Mshale alilia. Hakuwa mtu wa kulia hadharani, na hakujua kulifanya jambo hilo vizuri. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyeanguka. Waliokuwa wakiingia ofisini walizunguka benchi kwa heshima. Alipopata pumzi alimwambia, "Nisamehe."

Shemeji aliitia barua mfukoni. Alikuwa akitazama malori kwenye mzunguko wa barabara.

"Leo nimekusikia," alisema. "Hilo lingine usiniharakishe."

Siku ya mwisho ya mwezi alikuja dereva mwingine kulichukua gari, mtu mstaarabu mwenye miwani ya jua na glavu za kuendeshea. Daktari wa meno aliwaambia anasikitika, na alisikitika. Shemeji alimzungusha yule mgeni gari lote, akamwonyesha mahali pa kutia maji, akamwambia habari ya gia ya pili. Mgeni aliuliza mbona mshale hauko sifuri. Shemeji akamwambia hapa ndivyo ilivyo. Gari likatoka uani, mshale ukapanda kutoka sitini, nao wawili wakabaki wamesimama kwenye doa la mafuta.

Jumatatu iliyofuata tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa nje wa ofisi ya leseni, na nakala zake kwenye nguzo za soko. Trafiki wa makutano alikuwa amelalamika kwamba daftari la nne limekwisha, na karani mkuu, kwa moyo wake wa kazi, aliliandika tangazo asubuhi moja kabla ya chai. Lilisema kwamba kuanzia leo kila dereva na kila askari aondoe sitini kwenye mwendo anaouona. Lilisema pia kwamba kesi zote za mwendo kasi zilizofunguliwa tangu tarehe nne ya mwezi uliopita zimefutwa na wahusika warudishiwe leseni zao, kwa kuwa imethibitika kwamba mita zilikuwa zikizidisha.

Mama Mshale alikuwa ametoka kununua grisi. Alimkuta shemeji amesimama mbele ya nguzo ya soko, mkokoteni umejaa mifuko ya saruji, akisoma. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, na alipofika mwisho alirudi kwenye sehemu ya pili akaisoma tena.

"Kumbe kufuta wanajua," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alilisema hilo kama mtu aliyeonyeshwa kifaa ambacho hakujua kama kipo. Kisha akatoa jiwe chini ya gurudumu, akashika mipini, akaelekea kwenye mlima wa kwenda mtaa wa juu. Mama Mshale alitia kopo la grisi kwenye mfuko wa gauni, akaenda nyuma ya mkokoteni, akaweka viganja vyake juu ya mifuko na kusukuma. Shemeji alihisi mzigo umepungua. Hakugeuka, wala hakumwambia aache. Walipanda hivyo, bila kusemezana, kwa mwendo wa watu wanaotembea.